Mafuta Yaliyobaki Timau

Injini ilikohoa mara mbili, ikatulia, ikakohoa tena kama ng'ombe aliyekwamwa na kiazi kooni, halafu ikanyamaza kabisa. Wachuka alikuwa amefumba macho akiomba tangu waondoke Timau, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba Mungu amemsikia, maana ile kelele imeisha. Alipofungua macho aliona propela imesimama mbele ya kioo, wima, kama kidole cha mwalimu anayetaka darasa linyamaze.

"Muturi," akasema, "mbona umezima?"

"Sijazima, mum." Kijana wake hakugeuka. Mikono yake ilikuwa inakimbia, inavuta hiki, inasukuma kile. "Mafuta imeisha."

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Cheruto, msichana anayechanganya dawa za kunyunyizia ngano. Alikuwa amepakata boksi lenye jogoo. Akasema polepole, "Boss, si ulisema iko na ya nusu saa zaidi?"

"Ilikuwa. Tumeimaliza tukizunguka mvua."

Chini yao hapakuwa na shamba wala barabara. Walikuwa wamevuka tu ukingo wa Menengai, chini ya mawingu, na sasa lile shimo lote lilikuwa wazi chini ya miguu yao: mawe meusi yaliyoganda kama uji uliomwagika na kukauka, vichaka vya leleshwa, na mvuke mweupe ukitoka hapa na pale. Ng'ambo ya pili, juu ya ukuta mwingine, ndiko kulikuwa Nakuru, na kiwanja cha ndege cha Lanet kilikuwa kimebaki dakika chache. Lakini ndege isiyo na injini haipandi ukuta. Inateremka tu.

Mafuta hayaishi angani, mama wenzangu. Huishia chini, kabla ya safari, mahali watu wamesimama wakicheka.

Wachuka ni mkulima wa Kabazi. Tangu Muturi aanze kuendesha ndege, miaka minne, hakuwahi kusikia mngurumo juu ya shamba bila kuacha jembe na kutazama mbinguni mpaka upotee. Wiki hiyo alikuwa amekwenda Timau kumwona dada yake Wangechi, na ikatokea kwamba Muturi na wenzake walikuwa huko huko wakinyunyizia ngano dawa. Kazi ilipokwisha wenzake wakabaki kufunga vifaa, na yeye akaambiwa arudishe Njoro ndege ndogo ya viti vinne, ile ya kubebea wafanyakazi. Akamwambia mamake, twende pamoja, utafika nyumbani kabla ng'ombe haijakamuliwa. Wachuka akakubali. Alitaka kukiona kwa macho yake hicho kitu kinachomnyima usingizi.

Sasa Wangechi angemwachaje dada yake aende hivi hivi? Mkono mtupu haulambwi. Akaleta kabichi nne, akaleta njegere kwenye debe, akaleta jogoo mwekundu amefungwa miguu ndani ya boksi. Halafu akaleta gunia la viazi, lile ambalo watu wa viazi huita mukurino kwa sababu limejazwa mpaka likafungwa kilemba juu. Vijana wawili walilibeba wakilalamika.

Muturi aliliangalia akajikuna shingo. "Mum, hii ndege si pikapu."

"Kwani gunia moja ni nini? Anti yako ameamka saa kumi kukuchagulia zile kubwa. Utamwambia zimekataliwa?"

Muturi alikuwa kijana asiyejua kumkatalia mamake. Akiwa mdogo aliongezewa githeri mara tatu akala mara tatu, akaenda kutapika nyuma ya choo, akarudi akasema asante. Sasa alitazama gunia, akatazama bendera ndogo ya upepo, akatazama jua la saa sita. Timau iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na ndege nzito hapo hukimbia mpaka kiwanja kiishe bila kuinuka.

"Sawa, mum," akasema.

Akaenda akaleta mitungi miwili ya lita ishirini, akafungua tangi la bawani, akapunguza mafuta mpaka mitungi ikajaa, akamwachia mlinzi wa shamba. Alipiga hesabu: yaliyobaki yatawafikisha Njoro na nusu saa juu yake. Wachuka alimwona akimwaga. Alidhani anawaachia wenzake wanaobaki, akasema moyoni, nimelea mtu mkarimu.

Walipopita Nanyuki wakaona mvua mbele, nyeusi, imesimama kutoka mbinguni hadi chini upande wote wa Nyahururu.

"Mum, nafikiri turudi Nanyuki. Tuongeze mafuta, tungoje ipite."

Wachuka akatazama saa. "Na Maua atakamuliwa na nani?" Maua ni ng'ombe wake. "Ng'ombe hajui mambo ya mvua ya Nyahururu. Akilala na maziwa, kesho kiwele ni jiwe. Si unaweza kupita kando?"

Muturi alitazama sindano za mafuta.

"Sawa, mum."

Akazunguka kwa kaskazini, mbali, na ile nusu saa ikaliwa huko mawinguni. Sindano za mafuta zilipoanza kugusa mwisho, aliita kwenye redio akasema yuko Subukia, mafuta ni kidogo, anakwenda Lanet. Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoyasikia watu wa nje. Alipoita tena, walikuwa wameshazama chini ya kuta za Menengai, na redio ikamjibu kwa mkwaruzo mtupu.

"Kaza mkanda, mum. Cheruto, weka kichwa kwa magoti. Mlango wako, fungua kidogo usikwame."

"Jogoo je?"

"Cheruto, kichwa."

Upepo ulipiga mluzi kwenye mabawa. Muturi alikuwa ameona kipande cha nyasi kati ya mito miwili ya mawe, si kirefu kuliko uwanja wa mpira wa shule, na alikwenda nacho bila kupepesa macho. Wachuka aliona leleshwa zikikua kubwa. Aliona kila jani. Magurudumu yaligusa nyasi, yakaruka, yakagusa tena, na kwa muda wa pumzi moja ilikuwa kama gari tu kwenye barabara mbaya ya Kabazi. Halafu gurudumu moja likapiga jiwe lililojificha kwenye nyasi. Ndege ikazunguka, bawa likakwaruza chini, na nyuma kamba iliyozuia gunia ikakatika.

Gunia la viazi lilikuwa nyuma ya kiti cha Muturi. Lilikuja mbele lote kwa pamoja, kama fahali, likang'oa kiti kwenye reli zake likakisukuma pamoja na mtu aliyekikalia mpaka kwenye dashibodi. Wachuka alisikia mfupa. Watu husema hawakumbuki; yeye alisikia, na mpaka leo akivunja ukuni ukalia vile, huuweka chini kwanza.

Kisha kimya. Vumbi. Kiazi kimoja kilibiringika kikapita miguuni mwake, kikatoka mlangoni, kikaanguka nje.

Haikuwaka moto. Tangi lilikuwa kavu kama gunzi, na kilichowaangusha ndicho kilichowanusuru wasiungue.

"Nani anaweza kuongea?" Cheruto aliuliza kutoka nyuma. Damu ilikuwa inamtoka kwenye nyusi. "Mtu aongee tafadhali."

"Mimi niko," Wachuka akasema. Ubavu wake ulikuwa unamchoma kila akivuta pumzi. "Muturi?"

"Mguu," Muturi akasema. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. "Mum, siwezi kuvuta mguu."

Gunia lilikuwa limekilalia kiti, na wanawake wawili hawangeweza kulisukuma hata inchi. Ikabidi litolewe viazi. Cheruto alikata kamba ya mdomo wa gunia kwa meno na kipande cha kioo, na Wachuka akaanza kuvitoa, kimoja kimoja, viwili viwili, akivitupa nje mlangoni. Vilikuwa vikubwa kweli. Wangechi alichagua vizuri. Kila kiazi alichokishika aliona mkono wa dada yake, na kila alichokitupa alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwani gunia moja ni nini. Walivitoa karibu nusu saa huku Muturi akiuma ukosi wa shati. Gunia liliponyauka, walivuta kiti nyuma, na mguu ukatoka, chini ya goti umepinda mahali pasipo na kiungo, suruali imelowa damu.

Wachuka alivua leso kiunoni akaipasua mara mbili. Nusu alifunga juu ya kidonda, akakaza mpaka damu ikapungua. Kwa nusu ya pili walifunga mguu katikati ya mbao mbili walizong'oa kwenye kreti tupu ya dawa iliyokuwa nyuma. Muturi alizimia walipounyosha, na hiyo ilikuwa heri. Wakamtoa, wakamlaza chini ya bawa.

"Simu," Cheruto akasema.

Ya Muturi ilikuwa imepondeka pamoja na dashibodi. Ya Cheruto kioo kilikuwa cheusi. Kabambe ya Wachuka, ile simu ndogo ya vitufe, ilikuwa nzima, chaji imejaa, lakini network hakuna. Walikuwa wamejibanza chini ya ukuta wa magharibi kama mende chini ya kabati. Maji yalikuwa chupa moja ndogo, nusu yake imenywewa angani.

Wachuka alitazama juu. Mbali sana, kwenye ukingo wa ng'ambo, jua lilimetameta kwenye kioo cha gari. Kule ndiko watu huja kutazama Menengai na kupigwa picha. Alivua kitambaa cha kichwa akapunga mpaka mkono ukafa ganzi.

"Tuwashe moto, mathe?" Cheruto akauliza. "Waone moshi?"

Wachuka alitazama mvuke uliokuwa ukitoka kwenye mawe, hapa, pale, kule, mweupe, kila siku ya Mungu. "Moshi wa nani watautofautisha? Huko juu watasema, ona Menengai inavyopendeza."

Cheruto alicheka kidogo, halafu akaacha kwa sababu kichwa kilimuuma.

Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, na wote wawili walilijua. Upande wa mashariki, ndani ya shimo hilo hilo, wako watu wanaochimba mvuke wa kutengeneza stima. Mtu mwenye miguu angeweza kuwafikia, kama mawe hayatamzungusha. Menengai imewapoteza watu wanaoijua. Kila mwamba unafanana na mwenzake, unapanda huu unashuka ule, na jioni unajikuta mahali ulipoamkia.

"Mimi ndiye niko na mbavu nzima," Cheruto akasema.

"Weka jua mgongoni. Ukiona ukuta umekaribia sana ujue umepotea, rudi."

"Nikirudi nitawapataje? Hata sasa nikienda hatua hamsini siwaoni."

Wachuka alitazama chini. Viazi vilikuwa vimetapakaa mlangoni, vyekundu juu ya mawe meusi, vinaonekana kama taa.

Akajaza shati la kazi la Muturi, akafunga mikono ya shati shingoni mwa Cheruto. Kisha akampa mfuko wa kabichi umejaa viazi pia. "Weka kimoja kila unapopinda. Na juu ya jiwe, si shimoni."

"Mathe," Cheruto akasema, akiinua mzigo, "tukipakia nilikuwa natukana hizi viazi kimoyomoyo."

"Endelea kuzitukana. Chukua kabambe. Na maji, piga funda moja."

"Aachiwe boss." Akakataa maji, akaondoka. Walimwona akiinama akiweka cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha mawe yakamla.

Saa tisa ikapita. Saa kumi. Wachuka alijua saa ya Maua imefika, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani ng'ombe huyo asingezaliwa. Muturi alizinduka akaomba maji, akapewa, akaomba tena. Midomo yake ilianza kupasuka. Mtu aliyepoteza damu ana kiu isiyoshiba, na chupa ilibaki na kitu cha kufunika kitako chake tu.

Hapo ndipo Wachuka alipomkumbuka nyanyake.

Kabla hajaolewa Kabazi, Wachuka alikuwa msichana wa Eburru, na Eburru mlima mzima unatoa mvuke lakini kijito hakuna. Watu wa kule hawakungoja mto. Walifunika nyufa kwa mabati, wakalaza bomba, mvuke ukapanda ukagusa bati, ukawa maji, yakateremka tone kwa tone kwenye pipa. Nyanyake alikuwa akimtuma asubuhi na kumwambia, usikimbize mvuke, ulaze chini pole pole kama mtoto.

Alitambaa akitafuta. Hatua kama thelathini kutoka kwenye ndege aliona ufa wenye nyasi mbichi ukingoni, na mvuke ukitoka kama kwenye sufuria iliyofunikwa vibaya. Aliweka mkono, akautoa haraka. Akarudi, akang'oa mlango wa ndege uliokuwa ukining'inia kwa bawaba moja, akauburuta huku ubavu ukimlilia. Aliulaza juu ya ufa, umeinama upande mmoja, akaweka mawe. Kwenye ncha ya chini aliweka lile debe la njegere baada ya kulimwaga. Kila mlango ulipopata moto aliupepea kwa kitambaa na kuufunika majani ya kabichi upoe.

Tone la kwanza lilichukua muda mrefu kiasi kwamba alidhani ameota. Likaanguka. Ting. Akangoja. Ting.

Jua lilipogusa ukuta alikuwa na kikombe kimoja. Yalinuka kiberiti na yalikuwa na ladha ya msumari. Aliyaacha yapoe, akayaonja yeye kwanza, akahesabu mpaka mia mbili, alipoona hajafa akampelekea mwanawe.

"Maji gani haya?" Muturi aliuliza.

"Ya nyanya yangu. Kunywa."

Baridi ilishuka na giza. Wachuka alimfunika kwa gunia tupu na makoti, akajilaza upande wa upepo. Alimwona macho yanaanza kumlegea, anaongea na watu wasiokuwepo, na akaogopa usingizi ule kuliko alivyoogopa kuanguka. Alimpiga kofi dogo shavuni.

"Muturi. Ongea na mimi."

"Nimechoka, mum."

"Kwa nini ulimwaga mafuta Timau?"

Jogoo alijigeuza ndani ya boksi.

"Ndege ilikuwa nzito," akasema.

"Nzito kwa nini?"

Aligeuza uso.

"Sema."

"Mum, wacha. Mimi ndiye rubani. Makosa ni yangu."

"Ni yako, ndiyo. Na ni yangu pia. Kwa nini hukuniambia hapana?"

Muturi alifikiria jambo hilo kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono. "Sijawahi," akasema mwishowe. "Sijui inasemwaje kwako."

Wachuka alihisi kitu kinamkata chini ya ubavu ule uliovunjika, ndani zaidi. Alipangusa uso. Kisha akasema kwa sauti ya jikoni, ile ya kila siku, "Basi utajifunza leo. Muturi, nikuongezee githeri?"

"Nini?"

"Umeshiba. Nimesimama na mwiko. Nikuongezee?"

"Mum..."

"Nikuongezee?"

"...Hapana."

"Sauti ndogo. Nitakuongezea. Muturi, beba hii debe ya asali umpelekee mwalimu wako."

"Hapana."

"Vaa hili sweta, nimeshona mwenyewe, ni la kijani na machungwa."

"Hapana, mum." Alicheka, kicheko kikawa kikohozi. "Hilo hapana kabisa."

"Muturi, tusirudi Nanyuki, ng'ombe atalala na maziwa."

Kicheko kikamwisha. Wachuka alisubiri.

"Hapana," akasema. "Tunarudi."

"Tena."

"Tunarudi, mum."

Wakaendelea hivyo. Alimpa kabichi, mbuzi, wachumba watatu wa Subukia na kiti cha nyanya yake chenye miguu mitatu, na vyote akavikataa. Katikati alitambaa kwenda kwenye debe na kurudi na matone. Fisi walilia upande wa kusini, wakasogea, wakaacha. Alfajiri ilipopauka, Muturi alikuwa hai, ana homa, bado anasema hapana kwa mambo ambayo hajaulizwa.

Wachuka aliinua kichwa. Juu ya mwamba, hatua ishirini, nyani mkubwa alikuwa amekaa kama chifu kwenye baraza. Mkononi alishika kiazi. Alikiuma, akatafuna, akamtazama Wachuka bila wasiwasi. Nyuma yake wengine wanne walikuwa wanashuka kwenye mawe, kila mmoja na chake, mashavu yamevimba.

Ilimchukua muda kuelewa anachokiona. Walikuwa wanakula njia. Hata kama Cheruto alifika, hata kama watu wanakuja, hakuna atakayejua pa kupinda.

Alisimama akapiga kelele. Ubavu ulimkata sauti katikati, ikatoka kama mlango wenye kutu. Alichukua jiwe akagonga bawa, lakini bati lile lilikuwa limekunjamana, likatoa mlio mfu ambao hata nyani hawakuuogopa. Akaita tena. Mawe yalimrudishia sauti kutoka pande nne, na hakuna mtu duniani angesema imetoka wapi.

Akakaa chini. Debe lilikuwa na vijiko kama vitatu. Muturi alikunywa viwili. Cha tatu Wachuka alikitazama, kisha akasikia kucha zikikwaruza boksi. Kiumbe cha Wangechi hakikuwa kimeonja maji tangu jana. Hakikuomba kuletwa huku, wala hakikuwa na kosa.

Alifungua boksi, akakata kamba ya miguu, akamimina lile tone kwenye kifuniko. Jogoo alikunywa, akainua shingo, akanywa tena. Alijaribu miguu kama mzee aliyetoka hospitali. Aliona nyani, akaruka juu ya bawa. Akaona jua linachomoza juu ya ukuta wa Bahati. Akapiga mabawa mara tatu, akawika.

Wachuka hakuwahi kusikia kitu kikubwa namna hiyo kikitoka kwenye kitu kidogo. Akawika tena. Nyani waliacha kutafuna. Akawika mara ya tano, ya sita, kama kwamba Menengai yote ni boma lake na wote walikuwa wamechelewa kuamka.

Kutoka nyuma ya mawe, upande ambao Wachuka hakuwa anautazama kabisa, sauti ya msichana ikapasuka kwa uchovu. "Huyo ndiye. Huyo jogoo namjua, amenipigia kelele masikioni kutoka Timau. Kulia, watu wangu, kulia."

Cheruto alitokea kwanza, viatu vimechanika, kichwa kimefungwa bendeji. Nyuma yake wanaume saba wenye kofia za kazi na machela. Alikuwa amefika kwa wachimbaji saa mbili usiku akitambaa, na akawaambia wangoje mwanga kwa sababu mawe yale hayapitiki gizani. Viazi viliwaleta zaidi ya nusu ya njia. Mahali vilipoisha walisimama, wakapinda kushoto, na walikuwa wanakwenda zao mbali na ndege, kwa mwendo mzuri, walipomsikia jogoo nyuma ya migongo yao.

Muturi alilala hospitali ya Nakuru wiki saba, mguu umetiwa vyuma. Wachunguzi wa ndege walipokuja na makaratasi, alisema, "Nilikuwa rubani, uamuzi ulikuwa wangu." Wachuka, aliyekuwa amekaa pembeni na chupa ya chai, akasema, "Andikeni na mimi." Walimwambia hakuna mahali pa kumwandika. Akawaeleza hivyo hivyo, gunia, mvua, ng'ombe, mpaka mmoja wao akaweka kalamu chini akasikiliza kama mtu.

Kanisani Kabazi walitaka atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyotumia viazi na jogoo. Wachuka alisimama mbele. Alisema Mungu apewe sifa, na viazi visipewe. Alisema, "Tusivisifu. Visingekuwa ndani ya ile ndege tungefika Njoro saa saba na nusu tukanywa chai." Akasema mama anaweza kumwua mtoto wake kwa upendo, akiwa anatabasamu, akifunga kamba juu ya gunia. Watu hawakujua kama wapige makofi. Akaketi.

Mwezi wa tisa Muturi alikuja nyumbani na gari la kukopa, anachechemea. Alikuwa anarudi Njoro kuanza kazi ya chini, ofisini, mpaka daktari aseme vingine. Walikula. Walimtazama Maua. Jioni ilipokaribia, Muturi akawasha gari, na mikono ya Wachuka ikafanya ile kazi iliyozoea kufanya tangu azaliwe mtu wa kumfanyia. Kabla hajajua alikuwa amesimama kando ya buti na gunia, si mukurino, nusu tu, la viazi vya shamba lake, vimechaguliwa.

Muturi alitoka. Akalitazama gunia. Akayatazama magurudumu ya lile gari dogo, barabara ilivyolowa, mawingu ya Subukia. Akajikuna shingo.

Wachuka aliushikilia mdomo wa gunia.

"Hapana, mum," Muturi akasema.

Wachuka aliliweka gunia chini, pole pole, kama mtu anayelaza mtoto aliyelala, akapangusa mikono kwenye leso. Muturi alipoingia tena garini, akainama dirishani, akachungulia ndani hadi akaona sindano ya mafuta. Ilikuwa juu, karibu na alama ya kujaa.

"Basi enda, baba," akasema, na akasimama getini na mikono mitupu mpaka taa za gari zikapotea kwenye kona ya kanisa.